Wangwana Waliofika Kairo: Tahakiki ya Safari Isiyosimuliwa kwa Kiswahili

Utangulizi

Katika fasihi ya Kiswahili, maelezo ya safari ni utanzu ambao haujapewa uzito unaostahili. Wanafunzi wetu hufika chuo kikuu wakiwa wamesoma riwaya, tamthilia na mashairi, lakini ni wachache waliowahi kuulizwa swali hili: msafiri anapoingia katika mji wa ugenini na kuueleza, je, anatueleza mji ule au anajieleza yeye mwenyewe? Wahenga walisema tembea uone. Hawakusema nani atapewa nafasi ya kusimulia aliyoyaona.

Katika makala haya tunakusudia kulichunguza swali hilo kwa kutumia safari moja inayotuhusu kwa karibu sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili hapa Juba. Ni safari ya wasemaji wa Kiswahili walioondoka Unguja na Bagamoyo mwaka 1860, wakapita Unyamwezi, Karagwe, Buganda na Bunyoro, wakafika Gondokoro mwezi Februari 1863, kisha wakateremka na mto Naili hadi Khartoum na hatimaye Kairo. Gondokoro iko ng'ambo ya pili, upande wa mashariki wa mto huu tunaouona kila siku, kaskazini kidogo ya mji wetu. Kwa hiyo tunapozungumzia historia ya Kiswahili katika Sudani Kusini, hatuna budi kukumbuka kwamba lugha hii haikuletwa kwa mara ya kwanza na mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa sahihi mwezi Aprili 2016. Ilikwisha kusemwa kwenye kingo hizi zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita.

Msafara na watu wake

Msafara tunaouzungumzia uliongozwa na Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant. Lengo lao lilikuwa kuthibitisha kwamba mto Naili unatoka katika ziwa ambalo Speke alikwisha kulipa jina la malkia wake, Victoria. Wapagazi, walinzi na wakalimani wao wengi walikuwa watu walioajiriwa Unguja. Katika vitabu vya wakati huo watu hao waliitwa Wangwana, yaani waungwana, watu huru. Jina hilo lina historia yake, kwani wengi wao walikuwa wamepitia utumwa kabla ya kuitwa hivyo.

Anayejulikana zaidi ni Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa katika kabila la Wayao mnamo mwaka 1820 hivi, akakamatwa na kuuzwa angali mdogo, akapelekwa Bara Hindi, na baada ya bwana wake kufariki akarudi Unguja akiwa mtu huru. Alikwisha kusafiri na Richard Burton na Speke hadi Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1857 na 1859. Baada ya safari ya Naili alisafiri na Henry Morton Stanley mwaka 1871, kisha na Verney Lovett Cameron, ambaye msafara wake ulivuka bara zima hadi pwani ya Angola mwaka 1875. Ni vigumu kumpata mtu mwingine wa karne ya kumi na tisa, Mwafrika au Mzungu, aliyetembea Afrika kwa miguu kuliko huyu.

Msafara ulioanza na watu zaidi ya mia moja ulipungua njiani. Wengine walitoroka, wengine walirudishwa, wengine walifariki. Waliofika Misri walikuwa wanaume kumi na wanane na wanawake wanne. Hao ndio Speke aliowaita waaminifu wake.

Kairo katika aya moja

Kitabu cha Speke kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka 1863. Ni kitabu kinene. Karagwe imepewa kurasa nyingi, na Buganda nyingi zaidi. Tunasomeshwa maneno ya Rumanyika na ya Kabaka Mutesa, na hata ugomvi mdogo wa kambini umeandikwa. Lakini tukifika Kairo, habari za Wangwana zinafupishwa sana mwishoni kabisa mwa kitabu. Tunaelezwa kwamba walipigwa picha, wakaburudishwa kwa tamasha na maonyesho ya hadharani. Kisha Speke anaeleza malipo yao: ujira wa miaka mitatu kwa kila mmoja, shamba litakalonunuliwa Unguja kwa ajili yao, na dola kumi za mahari kwa kila atakayepata mke. Halafu wanasafirishwa kupitia Suez na Aden.

Tukitaka kulihakiki fungu hili kama walimu wa lugha, tuanze na sarufi yake. Nani ni mtenda, na nani ni mtendwa? Karibu kila kitenzi kizito kina nafsi ya kwanza umoja: nilimteua, niliwapa, nilifanya mpango. Wangwana wanapokuwa kiima cha sentensi, mara nyingi kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa: walipigwa picha, walitunzwa, walirudishwa, walipokelewa. Meli iliyowachukua iliwapitisha Shelisheli, wakajikuta Morisi. Huko walichangiwa fedha, wakapelekwa kutazama sarakasi, wakafanywa kivutio cha watu, kisha wakarejeshwa hadi Unguja. Kitenzi kimoja tu kinawapa wao uamuzi kamili, nacho kiko mwisho: walijitolea kusafiri tena na Speke endapo angetaka kuvuka Afrika kutoka mashariki hadi magharibi. Yaani wanapopewa nafasi ya kutenda kwa hiari yao, kitendo chenyewe ni kumtumikia tena yule anayesimulia.

Pili, tuitazame picha. Speke anaeleza kwamba alimkabidhi Bombay nakala tatu za picha ya wanaume na nakala tatu za picha ya wanawake, ili balozi mdogo wa Kiingereza katika kila mji, Suez, Aden na Unguja, apate moja na kuwatambua. Leo msafiri anayekwenda Kairo hupiga picha mbele ya piramidi za Giza ili awaonyeshe jamaa zake kwamba alifika. Picha ile ya mwaka 1863 haikuwa kumbukumbu yao. Ilikuwa hati ya kuwatambulisha, na walioitunza walikuwa maofisa. Wao walikuwa wamekuja kuona mji, lakini katika maandishi mji ndio uliowaona wao.

Tatu, kuna suala la wanawake wanne. Wanahesabiwa, wanapigwa picha, lakini katika fungu hili hawatajwi hata jina moja. Mahari imetajwa kwa ajili ya mwanamume atakayeoa. Walikuwa wakisema lugha gani? Walikwenda kwa hiari? Kitabu kilichosimulia mambo madogo mengi ya njiani kimenyamaza hapa. Kimya cha namna hii nacho ni sehemu ya fani, na mhakiki hana budi kukisoma.

Suala la lugha

Jambo lingine ambalo walimu wa Kiswahili hawatakosa kuliona ni kwamba Speke na Bombay hawakuwa wakizungumza kwa Kiswahili. Walizungumza kwa Kihindustani, lugha ambayo Speke aliijua kwa kuwa alikuwa ofisa wa jeshi la Bara Hindi, na Bombay aliijua kwa kuwa aliwahi kuwa mtumwa huko. Kutoka Kihindustani, Bombay aligeuza maneno kuwa Kiswahili, na mkalimani mwingine akayageuza kuwa lugha ya wenyeji. Mbele ya Mutesa neno moja lilipita katika vinywa kadhaa kabla ya kufika.

Maana yake kwa mhakiki ni kubwa. Sehemu kubwa ya mazungumzo tunayoyasoma katika kitabu kwa Kiingereza yalipita kwanza katika Kiswahili. Kiswahili ndicho kilichokuwa daraja, lakini daraja lenyewe halionekani kwenye ukurasa. Tunaposema kwamba hatuna maandishi ya Kiswahili kuhusu safari hii, tusiseme kwamba Kiswahili hakikuwapo. Kilikuwapo kila siku, motoni jioni, sokoni, kwenye mabishano ya posho. Kilichokosekana ni kalamu.

Gondokoro kwa macho matatu

Wasomaji wa Juba watapendezwa kujua kwamba tukio la Gondokoro lenyewe lina masimulizi zaidi ya moja. Speke amelieleza, Grant amelieleza katika kitabu chake cha mwaka 1864, na Samuel Baker, aliyekuwa amepanda mto kutoka Khartoum pamoja na mwenzi wake Florence na kukutana nao hapa, amelieleza katika kitabu cha mwaka 1866. Tukiyasoma pamoja tunaona jinsi kila mwandishi alivyovutia kwake. Kwa Speke, Gondokoro ni mahali ambapo msaada alioutarajia kwa John Petherick haukuwapo. Kwa Baker, ni mahali ambapo nusura akose sifa ya ugunduzi, mpaka alipoambiwa kwamba lipo ziwa jingine ambalo hao wawili hawakulifikia.

Lakini Gondokoro ya mwaka 1863 haikuwa mahali pa Waingereza kupeana mikono tu. Ilikuwa kituo cha biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa hapo katika miaka ya 1850 ilikwisha kufungwa. Wafanyabiashara kutoka Khartoum walifika na mashua msimu wa upepo, wakarudi na mali na watu. Wabari waliokuwa wenyeji wa kingo hizi waliishi katikati ya misukosuko hiyo.

Hebu msomaji afikiri: Bombay, aliyekamatwa Uyaoni na kuuzwa pwani, anafika mahali ambapo watu wanafanyiwa yale yale aliyofanyiwa yeye, kisha anateremka na mto huo huo hadi mji ambao nao bado ulikuwa na watumwa majumbani. Mkataba wa Uingereza na Misri wa kupiga marufuku biashara hiyo ulikuja mwaka 1877 tu, na soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hakuna mtu katika msafara ule aliyekuwa na haki zaidi ya kuyasema hayo kuliko Wangwana. Masimulizi yote matatu yanaiona biashara ile kwa macho ya mgeni anayechukizwa. Ushahidi wa aliyeuzwa haumo. Hili, kwa maoni yetu, ndilo pengo kubwa kuliko yote, kubwa hata kuliko kukosa maelezo ya Kairo.

Wasafiri wengine

Ili tusiwe wepesi wa kulaumu, inafaa tulinganishe na maandishi mengine. Tuanze na Ibn Battuta. Huyu alikuwa mtu wa Afrika Kaskazini, mzaliwa wa Tanja. Alifika Kairo mwaka 1326, na mwaka 1331 alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Habari zake ziliandikwa kwa Kiarabu na katibu, Ibn Juzayy, baada ya msafiri kurudi kwao. Kwa hiyo tunayo maandishi ya mtu wa kaskazini aliyeiona pwani ya Waswahili, na tangu hapo wanahistoria wameyategemea. Miaka zaidi ya mia tano baadaye watu wa pwani hiyo waliuona mji wa kaskazini, wakauona msikiti wa Ibn Tulun wa karne ya tisa na ngome ya Salah ad-Din kama kila aliyeingia mji ule alivyoiona juu ya kilima, lakini hawakupata Ibn Juzayy wao.

Mfano wa pili ni Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, aliyesafiri Ulaya mwaka 1875 na kupita Misri. Safari yake iliandikwa na mtu wake, Zahir bin Said, na ikachapwa mwaka 1878. Iliandikwa kwa Kiarabu. Hapa tunaona kwamba tofauti haikuwa ya rangi peke yake. Mtawala alikuwa na katibu. Mpagazi hakuwa naye. Aidha, hata mtawala wa nchi ya Waswahili hakuchagua Kiswahili kuwa lugha ya kumbukumbu yake.

Mfano wa tatu ndio wenye faida zaidi darasani. Ni maandishi yaliyokusanywa na Mjerumani Carl Velten na kuchapwa mwaka 1901 kwa jina la Safari za Wasuaheli. Humo mna habari za Selemani bin Mwenye Chande kuhusu safari yake ya bara, na za Salim bin Abakari kuhusu safari ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896. Salim alikuwa Mngazija aliyekwenda kama mtumishi wa Mjerumani, kwa hiyo hali yake haikuwa mbali sana na ya Bombay. Lakini anasimulia kwa nafsi ya kwanza. Anaeleza baridi, vyakula na desturi za watu. Watu wanamshangaa kwa rangi yake, naye anawashangaa wao. Anapima, analinganisha na kwao, anatoa hukumu. Kwa ufupi, yeye ndiye mtenda wa sentensi zake.

Hata hivyo tusimsome Salim kana kwamba alikuwa huru kabisa. Aliyetaka maandishi yale alikuwa mwalimu wa Kijerumani aliyehitaji matini ya kufundishia Kiswahili kwa maofisa wa koloni. Tunaweza kujiuliza ni mambo gani mtumishi hawezi kuyaandika anapojua kwamba bwana zake watayasoma. Nafsi ya kwanza inampa msimulizi sauti, lakini haimpi uhuru wote.

Je, kitabu cha Speke kifundishwe?

Baadhi ya wenzetu wana maoni kwamba vitabu vya wapelelezi wa Kizungu viachwe kabisa, kwa kuwa vinawadhalilisha Waafrika. Tunaelewa uchungu wa hoja hiyo, hasa hapa ambapo historia ya mto imeandikwa zaidi na waliopanda kuja kutafuta kitu. Lakini hatukubaliani nayo, kwa sababu mbili.

Kwanza, tukikitupa kitabu tunawatupa na Wangwana. Pamoja na kasoro zake, Speke aliwalipa watu wake, akawasifu, na mwishoni mwa kitabu akaweka orodha ya majina ya watu wa msafara. Majina kama Uledi na Baruti tunayakuta tena kwa Stanley mwaka 1871, alipowatafuta Unguja wale waliokwisha kuzoea njia. Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilimpa Bombay nishani ya fedha, na baadaye pensheni. Alifariki mwaka 1885. Habari hizi hatungezipata pengine. Msomaji makini huweza kukisoma kitabu dhidi ya nia ya mwandishi wake, na Donald Simpson katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu wasaidizi wa Kiafrika wa misafara hiyo alionyesha kwamba jambo hilo linawezekana.

Pili, wanafunzi wetu wanazo habari za Kairo nyumbani kwao. Wakati wa vita watu wa Sudani Kusini walitawanyika pande mbili. Waliokwenda kusini, Kenya na Uganda, wengi wao walirudi na Kiswahili. Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992. Waliokwenda kaskazini walifika Khartoum, na wengine wakaendelea hadi Kairo. Mwishoni mwa Septemba 2005 wakimbizi wa Sudani walipiga kambi katika bustani karibu na msikiti wa Mustafa Mahmoud, Kairo, kudai kesi zao zisikilizwe. Tarehe 30 Desemba mwaka huo polisi waliwaondoa kwa nguvu, na watu zaidi ya 20 wakafa. Tukio hilo limeandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, katika ripoti na katika magazeti. Ndani ya ripoti hizo waliokuwa bustanini mara nyingi wamo katika kauli ile ile ya kutendwa tuliyoiona kwa Speke: waliondolewa, walipandishwa kwenye mabasi, walihesabiwa.

Hatusemi kwamba mambo hayo mawili ni sawa. Wangwana wa mwaka 1863 walishangiliwa. Wakimbizi wa mwaka 2005 walipigwa. Tunasema tu kwamba mtu wa upande wetu anapofika katika mji ule mkongwe, mara nyingi habari zake husimuliwa na mwingine, na kwamba waliouona mwaka 2005 wengi wangali hai na wanaweza kuulizwa.

Mapendekezo kwa walimu

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu yanayoweza kufanywa katika muhula mmoja.

La kwanza, walimu wa sarufi watumie fungu la Speke kuhusu Kairo, kwa tafsiri watakayoifanya wenyewe darasani, kufundishia kauli ya kutenda na ya kutendwa. Wanafunzi waligeuze fungu zima ili Wangwana wawe watenda, kisha wajadili ni sentensi zipi zilikataa kugeuzwa na kwa nini.

La pili, walimu wa fasihi wasome habari za Salim bin Abakari sambamba na fungu hilo. Swali la mjadala liwe: je, mtumishi anayesimulia yuko huru kuliko mtumishi anayesimuliwa, na kwa kiasi gani?

La tatu, kila mwanafunzi amtafute mzee au jamaa aliyewahi kuishi Kairo, amsikilize kwa lugha yoyote wanayoelewana, iwe Kibari, Kidinka, Kinuer au Kiarabu cha Juba, kisha aandike habari zile kwa Kiswahili kwa nafsi ya kwanza, kwa idhini ya mwenyewe. Wapo watakaosema kwamba Kiswahili cha wanafunzi wetu bado ni kichanga kwa kazi hiyo. Sisi tunaona kinyume chake. Lugha hukua inapopewa jambo zito la kusema, na hakuna zoezi la ufahamu linaloweza kushindana na habari za mama mzazi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba safari ya Wangwana hadi Kairo imetufikia kupitia kalamu ya waliowaajiri, na kwamba sarufi ya maandishi hayo inaonyesha wazi nani alihesabiwa kuwa msafiri na nani alihesabiwa kuwa mzigo wa msafara. Hatuwezi tena kumuuliza Bombay aliuonaje mji ule. Wale wanawake wanne hatuwajui hata majina. Lakini masimulizi ya Kairo ya siku zetu bado yako mikononi mwetu. Walimu watakaoyafanya mazoezi haya tunawaomba watume kazi bora za wanafunzi wao kwenye jarida hili, na walio na maoni tofauti na yetu kuhusu kitabu cha Speke tunawaomba watuandikie vilevile.